Mwenda wa Bayeke na Gitaa Lake Moja: Funzo kwa Wanaochagua Ala za Bluzi

Utangulizi

Kijijini kwetu Mwabungo, kusini mwa Diani, kuna kikundi cha vijana ambacho kimekuwa kikichanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Nia yao ni kununua ala za muziki. Vijana hawa wameupenda muziki wa bluzi, ule uliozaliwa miongoni mwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, nao wanataka kuuimba kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Fedha zilizopatikana hazitoshi kununua kila kitu. Zinatosha ama kinanda kimoja cha umeme pamoja na spika zake, ama magitaa mawili yasiyo ya umeme na ala nyingine ndogo ndogo. Mabishano yamekuwa makali hata baadhi yao hawasalimiani. Nilipokwenda nyumbani likizoni nilitakiwa, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma chuo kikuu, nitoe uamuzi. Sikuthubutu kuutoa papo hapo. Niliahidi kuandika.

Makala haya ni utekelezaji wa ahadi hiyo. Badala ya kuorodhesha ala na bei zake, nimeona heri kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye alikabiliwa na swali lilo hilo, akalijibu kwa gitaa moja na vidole viwili, na jibu lake likasikika kutoka migodi ya Katanga hadi Nairobi na hadi Marekani. Mtu huyo ni marehemu Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Yeye hakujiita mwanabluzi. Hata hivyo, miongoni mwa waliowahi kuimba kwa Kiswahili, ni vigumu kumpata aliyekaribia zaidi hali ya mwanabluzi wa kale: mtu mmoja, gitaa moja, na mambo ya maisha ya watu wa kawaida.

Kuzaliwa na asili yake

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, katika jimbo la Katanga, kusini-mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Palikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Wayeke, aliyeanzisha dola yake katika karne ya 19. Wayeke asili yao ni wafanyabiashara wa misafara waliotoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, ambao ulitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki ili kuitwaa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina la Mwenda ni jina linaloheshimiwa katika ukoo wa watawala wa Wayeke, na lile la Bayeke alilojitwalia baadaye lina maana ya watu wa kabila hilo.

Jambo hili lafaa kuzingatiwa na sisi tunaojifunza Kiswahili. Lugha hii ilifika Katanga kwanza kwa miguu, ikichukuliwa na wapagazi na wafanyabiashara wa misafara. Baadaye Wabelgiji waliieneza migodini kwa sababu ya haja ya kuwa na lugha moja ya kazi. Hivyo Mwenda alipozaliwa, Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya mitaa ya miji ya Katanga, lakini kilikuwa Kiswahili chenye sura yake chenyewe. Neno mke, kwa mfano, huko hutamkwa muke, na ndivyo Mwenda alivyoliimba. Watu wa pwani tuna desturi ya kuicheka lahaja hiyo. Nitarudi kwenye kicheko hicho kabla sijamaliza.

Miji ya shaba na magitaa

Ili kuelewa kwa nini kijana wa Bunkeya alichagua gitaa, hatuna budi kuitazama miji aliyokulia karibu nayo. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini iliufikia mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka wa 1910. Kwa reli hiyo walikuja vibarua kutoka nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, na wengine waliletwa kutoka Kasai na kutoka Rwanda na Burundi. Watu hawa hawakuweza kubeba ngoma zote za makwao, na hata kama wangaliweza, ngoma ya kabila moja haikuwachezesha watu wa kabila jingine. Kambi za wafanyakazi zilihitaji ala ambayo haikuwa ya kabila lolote, inayobebeka, na inayoweza kununuliwa kwa mshahara wa kibarua. Ala hiyo ilikuwa gitaa.

Inastaajabisha kwamba katika majimbo ya kusini mwa Marekani mambo yalikwenda kwa mwendo unaofanana sana na huo. Watumwa walikuwa wamevuka bahari na kumbukumbu ya ala za Afrika Magharibi, na kutokana nayo wakaunda banjo. Mwishoni mwa karne ya 19, magitaa ya bei nafuu yalianza kuuzwa kwa njia ya posta. Mkulima mweusi katika shamba la pamba aliweza kuagiza gitaa kama alivyoagiza jembe au viatu. Ndipo bluzi ilipoiacha banjo na kulishika gitaa. Sababu yake haikuwa bei peke yake. Sauti ya banjo hulia mara moja na kukatika. Sauti ya gitaa hukaa zaidi, na uzi wake wa chuma ukivutwa pembeni kwa kidole huweza kupanda taratibu kama sauti ya mtu anayeomboleza. Wengine walipitisha kisu au shingo ya chupa juu ya nyuzi ili kuupata mlio huo.

Hapa pana jambo ambalo vijana wa Mwabungo wanapaswa kulitafakari. Baadhi ya sauti muhimu za bluzi hukaa katikati ya vibonye vya kinanda. Kinanda kina sauti hii na sauti ile, na baina yao hamna kitu, ila kwa mitambo maalumu ya kupinda sauti. Watu wa taarabu wa pwani yetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Udi hauna vizuizi shingoni mwake, na fidla vilevile, kwa hiyo mpigaji anaweza kuzifikia sauti za kati ambazo nyimbo zenye asili ya Kiarabu huzihitaji. Anayetaka bluzi, kama anayetaka taarabu ya kale, hana budi kujiuliza kwanza kama ala anayoinunua inaweza kulia mahali pale ambapo koo la mwimbaji hulia.

Vidole viwili

Mwenda alilipiga gitaa lake kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishughulika na nyuzi nene, likiweka besi na mwendo. Shahada ilishughulika na nyuzi nyembamba, ikitoa sauti ya juu. Vidole hivyo havikupiga kitu kimoja. Kila kimoja kilikuwa na njia yake, na njia hizo zilipishana na kukutana tena, mapigo ya mbili yakijibizana na mapigo ya tatu, kwa namna ambayo msikilizaji wa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba anasikia magitaa mawili. Wataalamu wamesema kwamba mtindo huu wa Afrika ya kati una undugu na upigaji wa ala ndogo za vichane vya chuma, zile ambazo mpigaji hushika mkononi na kuzipiga kwa vidole vichache. Mkono uliozoea ala hizo haukupata taabu kulizoea gitaa.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenda alionyesha kwamba vidole viwili vyatosha kuvunja zaidi ya chawa. Na wala hakuwa peke yake duniani. Mwanabluzi na mhubiri kipofu wa Marekani, Reverend Gary Davis, aliyefariki mwaka wa 1972, alipiga kwa gumba na shahada vilevile, na wapigaji wengi wa gitaa wanamhesabu kuwa bingwa. Watu wawili waliotengwa na bahari walifikia jibu moja kwa sababu walikuwa na swali moja. Asiye na kundi la muziki afanye nini? Jibu ni kwamba achague ala inayoweza kuwa kundi zima, kisha aufunze mkono wake kuwa watu wawili.

Mwaka wa 1952

Katika mwaka wa 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa Waafrika, alifika katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Huko alimkuta Mwenda akipiga gitaa mtaani. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi. Tracey alimrekodi, na miongoni mwa nyimbo alizozinasa ulikuwamo ule uitwao Masanga. Wimbo huo ulipata tuzo ya kwanza ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka huo, na nyimbo za Mwenda zikatolewa katika sahani za santuri za Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini.

Jina hilo la Gallotone lina kisa chake. Kampuni hiyo iliuza pia magitaa ya bei rahisi, na gitaa la Gallotone ndilo alilokuwa akilipiga kijana John Lennon wa Liverpool mwaka wa 1957, kabla ya kundi la Beatles kuundwa. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo lilizama kabisa katika lugha: huko Tanzania wapo ambao hadi leo hulijua gitaa lisilo la umeme kwa jina la galatoni. Kwa hiyo ala iliyodharauliwa kwa urahisi wake ilipita katika mikono iliyotikisa dunia. Mwenye kukataa kuanza kwa sababu hana ala ya gharama kubwa hana hoja.

Sahani za Mwenda zilisafiri kuliko yeye. Zilifika Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, na huko Uingereza mtaalamu David Rycroft aliuchambua upigaji wake katika makala marefu yaliyotolewa katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiandika kila sauti ya kila kidole. Ni wanamuziki wachache wa Afrika wa zama hizo waliosomwa kwa makini namna hiyo.

Nairobi na watu wa kwetu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwenda aliishi Nairobi kwa muda mfupi. Alikuwa na kipindi chake katika redio, na kwa njia hiyo wapigaji wa gitaa wa Kenya walimsikia mara kwa mara. Jamaa yake Edouard Masengo, naye fundi wa gitaa kutoka Katanga, alifika Nairobi vilevile na kupata umaarufu. Athari yao ilikuwa kubwa, hasa kwa vijana wa magharibi mwa Kenya. George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliuendeleza upigaji wa vidole kwa namna yake, ukajulikana kwa jina la omutibo, na pembeni mwa gitaa lake ilisikika chupa ya soda ikipigwa ili kushika mwendo. Chupa tupu, ambayo dukani hairudishiwi ila senti chache, ilifanya kazi ya ngoma.

Haikuwa kwamba kila mtu alichagua njia hii. Mwana wa pwani yetu, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka wa 1924 huko Mwabayanyundo na kufariki mwaka wa 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari waliopelekwa Asia, na baada ya vita alipiga muziki wa kundi, wenye mwendo wa rumba. Konde alipigia kumbi za dansi na askari wengi kwa pamoja. Mahali pake palihitaji sauti kubwa, naye aliichagua ala iliyopafaa. Hakukosea, kama Mwenda asivyokosea.

Hata katika bluzi yenyewe uamuzi ulitegemea mahali. Muddy Waters alilipiga gitaa kavu alipokuwa kibarua mashambani Mississippi. Alihamia Chicago mwaka wa 1943, na katika baa za mji huo, zenye makelele ya watu waliotoka viwandani, gitaa lake halikusikika. Ndipo alipochukua gitaa la umeme katikati ya miaka ya 1940, na baadaye akakusanya kundi lenye kinanda cha mdomo, piano na ngoma. Hakuichoka bluzi ya shamba, bali mahali palibadilika, na ala ikabadilika pamoja napo.

Safari ya Newport

Mwaka wa 1969, Mwenda alialikwa katika Tamasha la Newport huko Marekani. Ili kuuona uzito wa mwaliko huo, yafaa kukumbuka yaliyotokea mahali hapo miaka michache kabla yake. Mwaka wa 1963, tamasha hilo lilimpandisha jukwaani Mississippi John Hurt, mzee wa bluzi aliyekuwa amesahauliwa shambani kwa zaidi ya miaka thelathini tangu arekodi sahani zake. Alipiga gitaa kavu kwa vidole, kwa upole, na watu wakamshangilia. Mwaka wa 1965, Bob Dylan alipanda jukwaa la tamasha hilo na gitaa la umeme, na baadhi ya watu wakamzomea. Kwa watu wa Newport, kuchagua ala kulikuwa kama kuchagua dini.

Katika uwanja huo wa mabishano aliingia mtu wa Bunkeya na gitaa lake. Aliowakuta huko walikuwa watu waliojua upigaji wa vidole na kuutukuza, nao waliweza kutambua kwamba mbele yao alikuwapo ndugu wa wazee wao wa bluzi, aliyefika kwa njia nyingine. Magitaa ya Mississippi na ya Katanga hayakufundishana ana kwa ana. Hata hivyo yalikuwa na babu mmoja, nalo ni sikio la Mwafrika ambalo haliridhiki mpaka lisikie mapigo mawili kwa wakati mmoja.

Nyakati ngumu na riziki

Haifai kumsimulia Mwenda kana kwamba aliishi katika wimbo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe. Vita na misukosuko viliendelea hadi Januari 1963. Miji ilibadilishwa majina, na nchi yenyewe ikaitwa Zaire mwaka wa 1971. Mwaka wa 1972, serikali ya Mobutu iliwataka raia kuyaacha majina ya Kikristo. Hivyo Jean Bosco, jina la mtakatifu wa Italia, likawekwa kando, na mpiga gitaa akabaki kuwa Mwenda wa Bayeke. Mamlaka yaliwalazimisha wengi kutafuta majina mapya. Yeye alikuwa nalo tayari, jina la watu wake.

Muziki haukumlisha peke yake. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi. Alifanya kazi katika benki na katika kampuni ya madini ya Gécamines, akawa na shughuli za biashara, ikiwamo hoteli karibu na mpaka wa Zambia, na alikuwa mtu wa kuheshimika mjini. Alikuwa pia na kundi la muziki. Maana yake ni kwamba fedha za kununua ala kubwa alikuja kuzipata, na watu wa kupiga naye alikuwa nao. Lakini miaka kumi hivi baada ya Newport, mpiga gitaa wa Uingereza John Low aliposafiri hadi Shaba, jina jipya la Katanga, kuwatafuta mabingwa wa mtindo wa miaka ya 1950, alichokifuata kwa Mwenda kilikuwa gitaa kavu na vidole viwili. Low aliandika kitabu juu ya safari hiyo, nacho kilitoka mwaka wa 1982. Mwaka wa 1988, Mwenda alirekodi tena nyimbo zake mjini Cape Town, akiwa mtu mzima wa miaka karibu sitini.

Alifariki katika ajali ya gari mnamo Septemba 1990. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Gitaa lililoiachia lugha nafasi

Nilisema nitarudi kwenye kicheko chetu watu wa pwani. Nakiri kwamba niliposikia nyimbo za Mwenda mara ya kwanza, hapa chuoni, nilicheka. Matamshi yake yaliniudhi sikio, upatanisho wa kisarufi ulikuwa mbali na ule tunaofundishwa, na maneno mengine sikuyaelewa. Rafiki yangu aliyekuwa akisikiliza pamoja nami, mtu wa bara, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: ni kwa nini nimeyasikia makosa yote hayo? Nikatambua kwamba nimeyasikia kwa sababu kila neno lilisikika. Hapakuwa na kitu kilicholifunika.

Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo kuu katika maisha ya Mwenda. Alichagua ala iliyomwachia mwimbaji nafasi. Nyimbo zake zilieleza mambo ya mapenzi, ya ndoa, ya mji na ya watoto, kwa lugha ya waliokuwa wakimsikiliza. Katika sahani za Mwenda tunayo kumbukumbu ya Kiswahili cha Katanga cha mwaka wa 1952 kama kilivyotamkwa na kijana wa mitaani, jambo ambalo vitabu vya sarufi vya wakati ule havikuhifadhi. Lugha iliyotoka pwani kwa miguu, mgongoni mwa wapagazi, ilirudi Afrika Mashariki ndani ya santuri, ikiwa imebadilika na imejitegemea. Tulichokicheka ni jamaa yetu aliyerudi safarini na nguo za ugenini.

Hitimisho

Sasa nawageukia vijana wenzangu wa Mwabungo. Sitawaamulia, lakini maisha ya Mwenda yanatupa maswali matatu ambayo kila mnunuzi wa ala za bluzi hana budi kuyajibu kabla ya kufungua mfuko.

Swali la kwanza ni hili: mko wangapi kwa kweli? Si wale waliochanga, bali wale watakaofika kila jioni kufanya mazoezi. Wakiwa wawili au watatu, ala inayoweza kubeba besi na sauti ya juu kwa pamoja ina manufaa kuliko ala tatu zisizo na wapigaji. Kinanda cha umeme chaweza kubeba vyote hivyo, tena chaweza kuigiza ngoma. Lakini mpigaji akiondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa, ala inabaki bubu mezani. Magitaa mawili hufundisha watu wawili, na hao wawili hufundisha wanne.

Swali la pili: mtapigia wapi? Ikiwa nia ni hoteli za Diani, zipo sehemu ambako watu wa gitaa huzunguka meza kwa meza na kuwaimbia wageni, na huko gitaa kavu linatembea na mwenyewe. Ikiwa ni arusi ya uwanjani, palipo na umati, gitaa kavu litamezwa na vigelegele, na itabidi kutafuta umeme na spika, kama Muddy Waters alivyolazimika. Na ikiwa ni barazani kwetu jioni, basi tukumbuke kwamba tunazo tayari ngoma, upatu, zumari na kayamba za wazee wetu wa sengenya. Kayamba haihitaji kununuliwa mjini, na chupa tupu ziko kila duka.

Swali la tatu ndilo zito: mna neno gani la kusema, na je, litasikika? Bluzi haikuanza kama kelele. Ilianza kama mtu mmoja anayeeleza yaliyompata. Vijana wa kwetu wana mengi ya kueleza, kuhusu ardhi, kuhusu kazi za msimu hotelini, kuhusu ndugu waliovuka bahari wasirudi. Mambo hayo yakifunikwa na midundo ya kuigiza, hatutakuwa tumeimba bluzi, ila tutakuwa tumeivaa tu.

Naongeza tahadhari moja ya mtu aliyekulia karibu na maji. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Nyuzi za gitaa zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gitaa lisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu wala kuachwa juani, kwani mbao zitapinda na nyuzi zitapanda juu hata vidole vishindwe kuzikandamiza. Kinanda cha umeme nacho hakisalimiki, kwa maana chumvi huingia hata mahali ambapo jicho halioni. Ala yoyote mtakayochagua, bei yake ya kweli ni ile mnayoilipa kila siku kwa kuitunza.

Mkiniuliza mimi binafsi, basi, kwa heshima kwa wenzangu wanaopendelea kinanda, kura yangu ni kwa magitaa mawili. Mwenda alikuwa na moja.